Insha ya hoja: aya zipangwe vipi, na hoja pinzani ikae wapi?

Kalamu_Mpya

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza chuoni na nina insha ya hoja ya kukabidhi wiki ijayo, maneno 1,500. Mada tuliyopewa: "Umri wa kupiga kura ushushwe kutoka miaka 18 hadi 16." Mimi naunga mkono, na kwa kweli ninaamini ninachokitetea.

Insha yangu iliyotangulia ilirudi na maandishi pembeni: "Hoja nzuri, ila hazijengi kitu." Sikuelewa maana yake, kwa sababu utangulizi ulikuwepo, hoja zilikuwepo, kila moja na aya yake, na hitimisho pia. Safari hii naweka mpango wangu hapa kabla sijaanza kuandika:

Utangulizi: Wahenga hawakukosea waliponena kuwa umoja ni nguvu, maana ya kupiga kura, historia fupi ya demokrasia.
Aya ya 1: Kijana wa miaka 16 ana uelewa wa kutosha.
Aya ya 2: Aidha, nchi nyingine zimeshafanya hivyo, kwa mfano Austria na Brazili.
Aya ya 3: Isitoshe, vijana wengine wanafanya kazi na kulipa kodi.
Aya ya 4: Fauka ya hayo, kura zao zitaimarisha demokrasia.
Aya ya 5: Wapo wanaopinga, lakini hawana sababu za msingi.
Hitimisho: Kwa muhtasari, nimeeleza kwamba...

Maswali yangu: hoja nzito iwe ya kwanza au ya mwisho? Na wanaopinga niwape nafasi kiasi gani? Naogopa nikiwaeleza sana nitajikuta nawasaidia.

Nukta_Mkato

Mkuu, mpango wako mbona uko sawa. Punguza hoja zibaki tatu, anza na nzito, malizia na nzito, ile dhaifu iweke katikati. Wanaopinga waguse kwa sentensi moja au mbili karibu na mwisho ili anayesahihisha aone hukuwasahau. Utangulizi, hoja tatu, hitimisho, umemaliza.

Msahihishaji

Kalamu_Mpya, karibu. Nimesahihisha insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na maneno uliyoandikiwa pembeni huwa nayaandika hata mimi. Ngoja nikueleze ninachokiona ninapoyaandika.

Chukua mpango wako, aya ya 4 ipeleke iwe ya 1, ya 1 iwe ya 3, ya 3 iwe ya 2. Soma tena. Kimeharibika nini? Hakuna. Insha inasomeka vilevile. Hiyo ndiyo maana ya "hazijengi kitu". Aya inayoweza kuhamishwa popote bila insha kulalamika haijabebwa na iliyotangulia, wala haibebi inayofuata. Ulichonacho ni orodha ya sababu. Sababu zenyewe zinaweza kuwa nzuri sana, lakini orodha haimsogezi mtu kutoka mahali alipo.

Na viunganishi vyako vinakusema kabla hujasema. Aidha, isitoshe, fauka ya hayo: vyote vitatu vinaongeza tu. Tumevikariri tangu shule kwa sababu vinapendeza, na vina kazi yake, lakini insha ambayo kila aya inafunguliwa na kiunganishi cha kuongeza imekiri yenyewe kwamba inarundika. Insha ya hoja huhitaji zaidi vile vinavyogeuza na kufuatisha: lakini, hata hivyo, kwa hiyo, ikiwa ndivyo, basi. Ukijaribu kuandika "kwa hiyo" mwanzoni mwa aya ukaona haikai, umegundua kwamba aya hiyo haitokani na chochote.

Sasa mpangilio utoke wapi? Utoke kwa msomaji asiyekubaliana nawe. Usimwandikie mwalimu, wala rafiki yako anayekuunga mkono. Mwandikie mtu mzima mwenye busara ambaye kichwani mwake jibu ni hapana. Andika kwenye karatasi maswali atakayouliza, kwa mfuatano atakaouliza. Kwa mada yako, nadhani yataanza hivi: Kilichopo kina kasoro gani hata tukibadilishe? Hawa wa miaka 16 wanaweza kweli kupima mambo? Hawataburutwa na wazazi au walimu wao? Na kama ni 16, kwa nini isiwe 14? Imejaribiwa wapi, na ilitokea nini?

Maswali hayo ndiyo muundo wako. Aya moja inajibu swali moja, na jibu lake ndilo linalozaa swali la aya inayofuata. Ukishamjibu kuhusu uwezo wa kupima mambo, ni yeye mwenyewe atakayesema, "Sawa, uwezo wanao, lakini uhuru wa kuutumia je?" Hapo huwezi tena kuhamisha aya.

Ukielewa hili, swali lako kuhusu wanaopinga limejijibu. Hawakai aya ya 5. Wako kila mahali, kwa sababu kila aya inaanza pale walipo. Jambo hili ni la kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba mzungumzaji wa kwanza atangulize hoja zake kisha ajibu za mpinzani, lakini ikiwa pingamizi ni nyingi na nzito, azikabili kwanza. Na anayezungumza wa pili aanze kwa kujibu yaliyokwisha kusemwa. Sababu aliyotoa ni kwamba hadhira iliyojaa maneno ya mpinzani haina nafasi ya kupokea yako mpaka uisafishie njia. Mada yako iko hivyo hivyo. Msomaji anakuja na "hawa bado watoto" kichwani. Ukimwambia kuhusu Austria kabla hujaligusa hilo, hakusikii.

Ndugu Nukta_Mkato, hapo kwenye sentensi moja au mbili za kuonyesha kwamba hukuwasahau, sikubaliani nawe hata kidogo. Anayesahihisha huona tofauti kati ya pingamizi lililojibiwa na lililotajwa ili lihesabiwe. Na kuificha hoja dhaifu katikati hakuisaidii. Hoja dhaifu inatolewa.

Tuingie kwenye hoja zenyewe, maana muundo upo pia ndani ya aya. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza kwamba hoja haina dai na ushahidi pekee. Kuna kitu cha tatu kinachoviunganisha, kanuni inayotufanya tukubali kwamba ushahidi huu unafikisha kwenye dai lile. Mara nyingi hakisemwi, na ndipo hoja nyingi zinapovunjikia. Mimi hukiita kiungo.

Mfano. Marekani ilishusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18 mwaka 1971, kwa Marekebisho ya 26 ya Katiba. Hoja iliyotikisa nchi wakati ule wa vita vya Vietnam ilikuwa kwamba kijana wa miaka 18 anaandikishwa jeshini, hivyo apewe kura. Ushahidi: anaandikishwa. Dai: apige kura. Kiungo: mtu anayeweza kufa kwa uamuzi wa serikali ana haki ya kushiriki kuichagua. Kiungo hicho ni kigumu kukikataa, ndiyo maana hoja ilikuwa na nguvu. Lakini ukitaka kuikopa kwa ajili ya miaka 16, kiungo unacho ila ushahidi umekutoka, kwa sababu itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inazuia kumwandikisha jeshini kwa lazima aliye chini ya miaka 18.

Sasa angalia aya yako ya kodi kwa jicho hilo. Ushahidi: baadhi ya vijana wanalipa kodi. Kiungo chake ni kipi? Kwamba anayelipa kodi apige kura. Kifuate kiungo hicho kinakokupeleka. Mtoto wa miaka 9 akinunua daftari lenye kodi ndani ya bei, naye apige kura? Mgeni anayefanya kazi na kukatwa kodi ya mshahara? Na kibaya zaidi, mtu mzima asiye na kipato cha kukatwa kodi anyang'anywe kura? Hakuna kati ya hayo unayoyataka, lakini ndiyo uliyoyaalika. Aya hiyo itoe, au iandike upya kwa kiungo unachoweza kuishi nacho.

Aya ya Austria nayo. Ni kweli Austria ilishusha umri hadi miaka 16 mwaka 2007, na uchaguzi wa bunge wa 2008 ukawa wa kwanza wa kitaifa kwa vijana hao. Lakini kufanyika si kufaulu. Nchi zimewahi kufanya mengi. Unahitaji kitu kinachojibu wasiwasi fulani. Mfano, watafiti walipochambua kumbukumbu za uchaguzi wa Vienna wa mwaka 2010 walikuta wapiga kura wa miaka 16 na 17 wamejitokeza kwa kiwango cha juu kuliko wale wa miaka 18 hadi 20. Hilo linamjibu anayesema "hawatajitokeza". Halimjibu anayesema "watachagua vibaya". Kila ushahidi uweke mbele ya swali unalolijibu, usiudai zaidi ya hapo.

Utangulizi. Methali itoe, maana ya kupiga kura itoe, msomaji wako anajua kura ni nini. Historia ya demokrasia itakula maneno 200 ambayo hunayo. Sentensi nne zinatosha: hali ilivyo, kinachofanya isitulie, wasiwasi mkubwa wa anayepinga, na msimamo wako. Msimamo usiuache ukiwa mpana mno. Brazili, kwa katiba ya 1988, kura ni hiari kwa wenye miaka 16 na 17, na ni lazima kuanzia 18 hadi 70. Scotland iliwaruhusu wa miaka 16 kwenye kura ya maoni ya 2014, kisha ikapitisha sheria kwa ajili ya bunge lake na serikali za mitaa. Wewe unatetea ipi? Hiari au lazima? Chaguzi zote au baadhi? Amua, na uamuzi huo uonekane ndani ya sentensi ya msimamo. Dai lililopunguzwa hadi kiasi unachoweza kukithibitisha lina nguvu kuliko lile lililotanuliwa kwa ushujaa.

Hoja nzito iwe wapi? Iwe pale swali zito linapoulizwa.

Dakika_Arobaini

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote na nimefaidika, ila naomba kuuliza kwa niaba ya sisi wa mitihani. Kwenye mtihani una dakika 40, mada umeiona sasa hivi, hakuna cha Austria kichwani. Huoni kwamba aya tano alizosema ndugu Nukta_Mkato ndizo zinazomwokoa mtu?

Msahihishaji

Marahaba. Zinaokoa, na sina ugomvi na idadi. Tatu, tano, saba, zote sawa. Ugomvi wangu ni na aya zinazohamishika.

Kwenye mtihani, dakika tano za mwanzo usiandike insha. Andika pingamizi tatu ambazo mtu mwenye akili angekuletea, chagua mbili ngumu zaidi, na zijibu moja baada ya nyingine. Umepata aya mbili za katikati ambazo tayari zina mvutano ndani yake. Aya ya tatu iwe sababu yako chanya, ile inayobaki imesimama hata pingamizi zikiisha. Ushahidi wa takwimu ukikosa, tumia kiungo: eleza kanuni, onyesha mahali pengine ambapo sote tunaikubali, kisha dai itumike na hapa. Hoja ya namna hiyo haihitaji kukariri nchi yoyote.

Ila angalieni swali linataka nini. Kuna insha ya mjadala inayotaka upime pande zote mbili kwa usawa kabla ya kuamua, na kuna hii inayokutaka uchukue upande. Anayeandika "jadili" hajaandika "tetea". Nimeona insha nzuri zikipoteza alama kwa hilo tu.

Sauti_Tofauti

Mimi ni miongoni mwa hao wanaopinga ambao eti hawana sababu za msingi, kwa hiyo niruhusuni.

Tatizo langu si akili. Nakubali kijana wa miaka 16 anaweza kuwa na akili kunishinda. Tatizo ni kwamba kwa sheria za nchi nyingi bado yuko chini ya mzazi. Mkataba hausaini peke yake, kesi mahakamani anafunguliwa na mlezi. Jamii imesema hawajibiki kikamilifu kwa maamuzi yake mwenyewe. Sasa inawezekanaje asiruhusiwe kuamua kuhusu mali yake, halafu aruhusiwe kuamua kuhusu nchi ya watu wote? Mkitaka ashushiwe umri wa kura, mshushieni na umri wa kuwajibika. Hamwezi kuchukua haki mkaacha mzigo.

Kalamu_Mpya

Kusema kweli, Sauti_Tofauti, hili sikuwa nimelifikiria, na nimelala nalo. Nimejaribu kulijibu kama aya. Mwalimu Msahihishaji, naomba uipitie:

"Wanaopinga husema kwamba kijana ambaye hawezi kusaini mkataba hawezi pia kupiga kura. Hoja hii haina mashiko. Mwanasaikolojia wa Marekani Laurence Steinberg anatofautisha maamuzi ya utulivu na maamuzi ya hamaki, na anaeleza kwamba uwezo wa kuamua kwa utulivu hukomaa mapema, karibu na miaka 16. Mkataba unamlinda kijana dhidi ya hasara itakayomwangukia yeye peke yake. Kura haifanyi hivyo, inahesabiwa pamoja na nyingine. Kwa hiyo vijana wa miaka 16 wanastahili kupiga kura katika nchi zote."

Msahihishaji

Kwanza, Sauti_Tofauti, asante. Umefanya kazi ambayo sentensi yake ya "hawana sababu za msingi" ilikuwa inaizuia isifanyike. Kalamu_Mpya, unaona sasa kwamba kumpa mpinzani nafasi hakukumsaidia yeye. Fikra bora kabisa katika insha yako, ile ya tofauti kati ya mkataba na kura, imezaliwa kwa sababu mtu alikubana.

Tuipitie aya yako.

Sentensi ya kwanza umempunguzia mwenzio maneno. Yeye hakusema tu "mkataba". Alisema haki na wajibu vinakwenda pamoja, na huwezi kudai kimoja ukaacha kingine. Liandike pingamizi lake kwa namna ambayo akilisoma atasema, "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Kama sentensi tatu zinahitajika, mpe tatu.

"Hoja hii haina mashiko" ifute. Umetoa hukumu kabla ya ushahidi, na msomaji anayekubaliana na Sauti_Tofauti amekufungia mlango hapo hapo. Weka badala yake kile unachokikubali. Lipo la kukubali: ni kweli kwamba haki na wajibu vina uhusiano. Likiri wazi, kisha geuka: uhusiano huo haulazimishi vyote vianze siku moja. Sheria za nchi nyingi tayari zinampa mtu haki na wajibu kwa vipande. Umri wa kujibu mashtaka ya jinai, wa kuajiriwa, wa kuendesha gari, wa kuoa, kwa kawaida haulingani. Kila kimoja kinaulizwa kinahitaji nini. Hicho ndicho kiungo chako, na ndicho kilichokosekana kwenye aya. Baada ya hapo tofauti ya mkataba na kura inaingia yenyewe: mkataba unahitaji ulinzi kwa sababu unaweza kumfunga mtu mmoja kwa hasara yake; kura inahitaji utulivu wa kupima mambo.

Steinberg ni shahidi mzuri, na yeye mwenyewe ametetea hadharani umri wa miaka 16, lakini hapa amekaa pasipo pake. Yeye anajibu swali la uwezo, na Sauti_Tofauti ameshakwambia tatizo lake si akili. Mpeleke aya ya kwanza ya mwili, anakohitajika, na huku mtaje kwa nusu sentensi tu kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Huko ukimtumia, eleza pia ule upande wa pili wa kauli yake, kwamba kujizuia wakati wa hamaki hukomaa baadaye sana. Ukiuficha, msomaji anayeujua atakushika. Ukiusema mwenyewe, unakupa hoja: kura hupigwa baada ya wiki nyingi za kampeni, mtu akiwa peke yake kwenye kibanda, hajaharakishwa na kundi.

"Katika nchi zote" imetoka wapi? Aya nzima haikuzungumzia nchi zote. Rudi kwenye msimamo uliouchagua. Mimi kwa ushahidi ulionao ningetetea kura ya hiari kuanzia miaka 16, kama Brazili, kwa sababu inapunguza pia wasiwasi wa kumtwisha kijana mzigo asioutaka. Lakini insha ni yako.

Kalamu_Mpya

Nimechukua ya hiari. Mpangilio mpya: kwanza uwezo wa kupima (Steinberg, pande zote mbili), kisha "lakini je, yuko huru, au atapiga kura ya mzazi?", kisha haki na wajibu, pingamizi la Sauti_Tofauti, kisha kwa nini 16 na si 14, kisha yaliyotokea Austria. Kodi nimeitoa. Nimejaribu kuzihamisha aya, na ya haki na wajibu haikubali kutangulia ya uwezo.

Limebaki hitimisho tu. Kama sirudii hoja, naandika nini?

Msahihishaji

Andika kinachofuata endapo msomaji amekubali. Ukishathibitisha kwamba kura ya hiari kwa miaka 16 ni sawa, kuna jambo linalotakiwa kufanyika au swali linalofunguka: pengine elimu ya uraia ianze kabla ya umri huo, pengine ianzie kwenye chaguzi za mitaa. Chagua moja, sentensi nne au tano, bila ushahidi mpya.

Na ile aya ya "atapiga kura ya mzazi" iangalie vizuri. Watu wazima nao huathiriwa na wenzi wao, ndugu zao na viongozi wao wa dini, na hatujawahi kuwanyima kura kwa sababu hiyo. Ukianzia hapo, aya hiyo inaweza kuwa fupi kuliko zote.